Arobaini ya Mamake Wifi

Kaka alikwenda Romania kusomea mitambo kwa udhamini wa serikali, akarudi na sanduku na mke. Sanduku tulilitarajia. Mama alimpokea mkaza mwana wake kwa adabu zote, akamtandikia mkeka mpya, kisha akanifuata jikoni kuniambia kwamba huyu hata kukuna nazi hajui. Haukupita muda kaka akapangiwa kazi kiwandani Morogoro, nyumba ya kufikia hakuna, basi mke akatuachia sie pale Temeke. Mie nilikuwa nyumbani nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nikajikuta nafundisha kabla ya kufundishwa.

Kiswahili alichofunzwa na kaka kilikuwa cha kumtosha kaka tu. Nikaona bora mie nijifunze Kiromania, maana kumngoja yeye ajue kuomba chumvi tungelala njaa wote. Tulisomea jikoni na kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika. Anashika kitu, anakitaja kwao. Nami nakitaja kwetu. Nikikosea ananipiga kofi la bega, akikosea namrudishia. Mkali yule! Na mie subira sikuumbwa nayo. Majirani walikuwa wakitusikia tunagombana kwa lugha hiyo wakasema mtoto wa watu karogwa.

Mwaka wa pili ikaja telegramu: mamake wifi amefariki, na walishamzika. Mama alisema maiti haipo lakini msiba upo, akatandika mikeka. Wanawake wa mtaa wakaja wakakaa naye, wakapika, wakamlisha. Wifi alishukuru, ila hakutulia. Kwetu mfiwa hagusi sufuria. Kwao mfiwa ndiye anayepika. Aliniambia siku ya arobaini atapika mwenyewe, mtu asimsaidie.

“Kumbe nao wana arobaini,” mama akasema nilipomfikishia. Siku ile ndiyo kwanza alimtazama vizuri.

Wifi alinieleza jambo lenyewe polepole ili nisipotee. Kwao marehemu hula kwa mikono ya wengine. Unachompa jirani kwa ajili ya maiti wako, ndicho kinachomfikia huko aliko. Yeye hakumuuguza mamake, hakumwosha wala hakulitia udongo kaburi lake. Akishindwa na hili, aliniambia, mamake atakaa na njaa na mtoto anaye.

Basi tukahangaika. Alitaka ngano nzima. Mama akamletea ile tunayopikia bokoboko, kutoka duka la Mhindi mmoja Kariakoo. Wao hutia jozi, kokwa za miti ya kwao, sie tukatia korosho zilizoletwa na shangazi kutoka Lindi. Sukari, mh, sukari tuliipata kwa kudra za Mungu. Wifi akanunua na sahani mpya za bati zenye maua. Akapika ngano mwenyewe, akaigawa, akachomeka mshumaa kila sahani, akaenda nyumba kwa nyumba kuikabidhi kwa mikono miwili, mie nyuma yake nikieleza kuwa hii ni sadaka ya mamake. Alirudi ameng’aa uso. Alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu telegramu ile.

Kesho yake asubuhi sahani zikaanza kurudi. Moja ina vitumbua, nyingine muhogo wa nazi, nyingine ndimu, kila mtu kwa uwezo wake. Nani asiyejua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu? Mie mwenyewe nilizipokea nikizisifu, nikazipanga uani. Wifi akatoka chumbani, akaziona, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

“Wamemkataa,” alisema kwa Kiromania. “Wote wamemrudishia.”

Sikumwelewa kwanza, nikamkaripia ainuke. Ndipo akanieleza kwa kwikwi kwamba kwao sahani hutolewa pamoja na chakula na mshumaa, vyote ni vya marehemu, na mpokeaji hubaki navyo. Kumrudishia ni kumwambia maiti wako hatumtaki. Kwake lilikuwa wazi mno, hakuona haja ya kulisema. Moyo uliniuma sana, nikahamaki, nikampelekea mama habari nikifoka kana kwamba kosa ni lake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaosha zile sahani, akakomba ngano iliyobaki sufuriani, akagawa vijiko vichache vichache. Akajifunga kanga.

“Mwambie ainuke,” akasema. “Tunakwenda sote, na atoe kwa mkono wake.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja wa Kimakonde, Mkristo, mjane. Tukamwamkia. Mama akamweleza kwamba sahani hii hairudi, ukiirudisha unamnyima marehemu. Bibi akaomba radhi, akaipokea, akaikumbatia kifuani. Kisha akauliza amwombee nani.

Mama akanigeukia mie. Mwaka na zaidi tulikuwa tukisema mamake wifi, mamake wifi, basi. Nikamuuliza wifi kwa lugha yake mamake alikuwa anaitwa nani.

Alilitaja jina. Bibi akalirudia akalikosea, mama naye akalikosea, wifi akawasahihisha huku machozi yanamtoka, wakalirudia tena pale mlangoni mpaka akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nyumba iliyofuata mama hakungoja nitafsiri. Alipiga hodi, akalitaja mwenyewe.