Kushoto Amekuja, Kulia Ametuacha

Mimi ni mgonga mhuri. Kazi yangu haina siri: napokea fomu dirishani, nagonga mhuri, nakabidhi cheti. Ukizaliwa unapita kwangu, ukifa unapita kwangu, na hapo katikati ishi unavyotaka, hainihusu. Watu husema nina mdomo. Ninao, na leo nautumia kumsimulia mtu niliyekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa, mpiga chapa wetu, ambaye ofisi nzima tulimwita Cherehani.

Jina hilo alilipata kwa vidole vyake. Ukipita koridoni ungedhani humo ndani kuna fundi anashona suruali za jeshi zima: taratatata, kimya kidogo, taratatata. Alianza na zile mashine nzito za chuma, akahamia kompyuta zilipoletwa, kwa hiyo usije ukadhani ni mshamba wa mitambo. Yeye ndiye aliyetufundisha sisi wengine kushika kipanya, enzi hizo mkuu wetu wa sasa bado ananyoosha kidole darasani kuomba kwenda chooni.

Sisi wawili tulikuwa na namna yetu ya kufanya kazi. Yeye hakushika fomu. Nilisimama dirishani nikisoma kwa sauti, naye akapiga kwa kusikia, uso ameuelekeza ukutani. Benchi la wateja liko hatua tatu tu kutoka mezani kwake, na mimi pamoja na mdomo wangu siwezi kumtajia mfiwa neno "kifo" mbele za watu. Kwa hiyo tulikuwa na maneno yetu. Mtoto akizaliwa nilisema, "Amekuja." Mtu akifa nilisema, "Ametuacha." Basi. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na alama mbili za kazi, moja kushoto na moja kulia. Amekuja, anabonyeza ya kushoto. Ametuacha, anabonyeza ya kulia. Fomu zenyewe zinafanana kama mapacha: jina, jinsia, tarehe, mahali, aliyeleta taarifa. Cheti kikitoka, tofauti ni yale maneno makubwa ya juu.

Miaka kumi na tisa hakukosea hata herufi moja. Nami nikazoea vibaya. Karatasi ikitoka kwenye printa ingali na joto, pwaa! mhuri, haya mwingine. Sikuwa nasoma, kwani nisome nini?

Jumatatu moja nimeingia kazini nikamkuta ameketi, mikono imelala mapajani. Cherehani, mikono mapajani, saa mbili asubuhi! Nikashtuka.

"Dada, umeamkaje? Unaumwa?"

"Mdogo wangu, njoo utazame," akasema. "Wameingia humu."

Nikadhani wezi. Nikatupia jicho kabati, kufuli lipo. Dirisha, zima.

"Nani kaingia?"

"Sijui. Wamehamisha kila kitu."

Nikainama kutazama kioo. Jamani! Mwishoni mwa juma ile kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, bila kuambiwa na mtu, na kilichokuwemo humo sikukijua. Alama zilizokaa kushoto miaka yote zimesogezwa katikati kama wageni wa harusi. Kitufe cha kuanzia kimehama pembeni. Maandishi yamekuwa membamba, ya kijivu juu ya weupe, utadhani wino ulikuwa unaadimika. Na zile alama zetu mbili zimebadilishwa sura na kubadilishana viti. Ya vifo kushoto, ya vizazi kulia.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nani aliwaomba? Hivi mtu anaweza kuingia jikoni kwako umelala, akahamisha sufuria, chumvi akaiweka penye sukari, kisha akakuachia kikaratasi cha kukupongeza? Maana kioo kilikuwa kinatupongeza, naapa. Kiliandika kwamba sasa kila kitu ni rahisi zaidi.

"Si kitu, dada," nikasema. "Hii hapa ya vizazi. Si unaiona?"

Akanishika mkono, akanivuta mpaka stoo ya majalada, akafunga mlango kwa mgongo.

"Siioni," akasema.

"Huioni vipi? Ni kubwa kama—"

"Sioni, mdogo wangu. Mwaka wa nne huu. Presha ya macho. Daktari alisema kilichokwisha kwenda hakirudi. Wewe hapo nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia, nakujua kwa kelele zako."

Miaka minne! Mtu anahesabu hatua kutoka lango hadi kiti chake, mimi najua ni mwendo wa maringo. Uso ameuelekeza ukutani, mimi najua ni ufundi.

"Kushoto nakujua," akasema. "Kulia nakujua. Mkono unajua wenyewe. Nyumbani mke wa mwanangu ananiona mkorofi kwa sababu nimemkataza kuhamisha hata kikombe. Lakini hapa, mbele ya mashine ile, nilikuwa sijapungukiwa na kitu. Ni hapa tu nilipobaki mzima. Imebaki miaka miwili nistaafu, nitoke na miguu yangu, niagwe kama wenzangu. Wakijua leo, kesho wananitoa kwa kunishika mkono."

Akaanza kulia bila sauti, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, mpaka akaniziba mdomo kwa kiganja.

Tulimwita fundi wa kompyuta, baba mmoja mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Hatukumwambia habari ya macho. Tulisema tu kwamba tunataka vitu virudi vilipokuwa.

"Mama, hii ni bora kuliko ile," akasema. "Mtazoea."

Hilo neno sitaki kulisikia tena maishani. Mtazoea! Anayekuambia utazoea ni yule ambaye hakuhamishwa yeye.

"Bora tulikuomba?" nikamuuliza.

"Mimi sijaileta, inajileta. Ya zamani hairudi, nisiwadanganye." Kisha akatuonea huruma, akashika kipanya, akazikokota zile alama mbili, vizazi kushoto, vifo kulia. "Hivi inatosha? Ila sina uhakika nazo. Ikijizima na kujiwasha, inaweza kujipanga inavyotaka yenyewe."

Alipoondoka nikamshika Cherehani mabega. "Sikiliza, dada. Kila asubuhi nitatazama mimi kabla hujaketi. Ikizima ikawaka, nitatazama tena. Macho yangu ni yako." Nikala yamini. Akatabasamu kidogo, na yale maneno yaliniingia mimi mwenyewe kichwani, nikajiona mtu wa maana sana.

Jumanne nilitazama. Jumatano nilitazama. Alama zilikaa, lakini Cherehani hakuwa yule tena. Akitaka kufunga kitu kinafunguka kingine. Akitaka kuchapa, anapapasa kioo chote kwa kile kishale kama mtu aliyeangusha sindano gizani. Vidole vilikuwa vinagonga mara tatu, vinasita, vinasikiliza. Foleni ikafika mlangoni. Mara mbili nilimsikia akijisemea, "Mungu wangu, nimefanya nini?" na alikuwa hajafanya kitu.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kupita mbele ya wenzake kwa sababu ana haraka. Ana haraka! Kwenye ofisi ya waliokufa! Nilimpa maneno yake yote, na katikati ya maneno nikasikia nyuma yangu kompyuta imenyamaza, kisha ikalia ile sauti yake ya kujiwasha, ting. Niliisikia. Sitasema sikuisikia. Nikajiambia, nimalize kwanza na huyu.

Nilipommaliza, aliyefuata dirishani alikuwa mama mmoja amebeba mtoto mchanga kifuani, amemfunika kwa kitenge. Nikamkumbuka papo hapo. Mwaka juzi alisimama palepale, mikono mitupu, na siku ile nilisema, "Ametuacha." Sasa anacheka. Alifunua kitenge kidogo ili nimwone mtoto, nami nikamwona, amelala, ngumi imefungwa chini ya kidevu. Furaha ikanipanda, nikasahau kila kitu, nikageuka na kupaza sauti mpaka benchi zima likasikia:

"Amekuja, dada! Amekuja!"

"Karibu yake," Cherehani akajibu, na kwa mara ya kwanza juma lile vidole vikakimbia kama zamani. Jina, jinsia, tarehe, mahali, mama yake. Taratatata. Nilifurahi kuvisikia. Karatasi ikatoka. Pwaa. Nikaikunja mara mbili, nikamkabidhi yule mama kwa mikono miwili.

Alikwenda kuketi benchini ili aisome. Hakupiga kelele, kama ungetegemea. Alitoa mlio mdogo tu, kama mtu aliyechomwa, kisha akaanza kumtikisa mtoto. Akamtikisa mpaka mtoto akaamka na kulia, naye akambana kifuani na kuendelea kusema, "Analia. Analia, mnamsikia? Si analia?" Watu wakasimama. Mtu mmoja akachukua karatasi, akasoma, akanitazama.

Mkuu alitoka chumbani kwake. Si mtu mbaya, ila ni wa taratibu. Akasoma cheti, akampa pole yule mama, akamketisha kiti cha ndani kabisa, mbele ya meza ya Cherehani. Kisha akaniambia nifunge dirisha. Nilifunga.

"Kuna nini?" Cherehani aliuliza. "Mtoto ana nini?"

"Mama," Mkuu akasema, "wewe ni mtu mzima, sitaki kukugombeza mbele ya watu. Lakini mzazi huyu anastahili kusikia kutoka kwako. Shika. Soma ulichompa, kwa sauti, kisha umwombe radhi."

Akampa karatasi.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lenyewe, "Ametuacha", lilikuwa fupi, nilishalisema siku nzima kwa miaka kumi na tisa, na bado sikulisema. Niliogopa kumtoboa siri. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya wakati ule. Niliogopa pia mhuri wangu, uliokaa pale chini ya karatasi, zambarau, bado haujakauka vizuri.

Cherehani aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaiinua mbele ya macho yake, akaweka umbali kama wanavyoweka wasomaji. Akakohoa kidogo. Akaanza kwa ile sauti yake nzuri ya ofisini:

"Cheti cha kuzaliwa."

Aliendelea. Alisoma jina la mtoto, jina refu la watu watatu, hakukosea. Jinsia. Tarehe. Mahali. Jina la mama. Kila kitu sawasawa kama nilivyomsomea, na macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto na kulia juu ya karatasi ambayo juu kabisa, kwa herufi nene, ilisema cheti cha kifo.

Alipomaliza akasubiri. Kimya kilikuwa kirefu mno, na yeye ni mtu wa kusikia. Nikamwona akielewa. Akaishusha karatasi taratibu mezani, akaigeuza maandishi chini. Kisha akanyoosha mkono upande wangu, lakini mimi nilikuwa nimeshasogea kidogo, kwa hiyo aliupapasa upepo.

"Mdogo wangu," akasema. "Imeandikwaje pale juu?"

Nikamwambia.

Hakulia. Alitafuta mkoba wake chini ya kiti, mahali pake pale pale, akaupata. Akasimama. Akamgeukia yule mama, au alikodhani yupo, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilimpiga chapa kwa furaha." Mkuu akamshika mkono kumwongoza mlangoni, na yeye akakubali kushikwa.

Yule mama alibaki kitini, mtoto amenyamaza. Aliichukua karatasi mezani, akaitazama tena toka juu mpaka chini, pole pole, kidole kikitembea juu ya mistari. Kidole kikafika kwenye mhuri, kikasimama. Akainua uso.

"Na wewe uliyegonga huu," akaniuliza, "nawe huoni?"

"Naona," nikasema.