Kusugua Uso wa Mama

Mama alipopata kiharusi, nilimleta kwangu, mtaa wa Ruashi, kwenye nyumba ambayo mimi na mume wangu tulikuwa hatujamaliza kuijenga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Maneno yalimtoka machache, kwa taabu. Ulikuwa msimu wa baridi kavu, na vumbi jekundu la barabara ya mgodi lilipenya kila mahali, mpaka nikahisi linaingia hata katika usingizi wetu.

Mama alikuwa mtu wa kujipenda. Miaka yote aliyouza samaki wakavu kutoka Pweto, kando ya ziwa, hakutoka nyumbani bila uso kung'aa. Sasa ngozi yake ilipauka, ikabanduka magamba membamba kwenye paji na kando ya pua. Alipitisha mkono wa kushoto shavuni, akautazama ule unga mweupe vidoleni, kisha akageukia ukutani.

Mimi nilidhani ngozi iliyokufa huondolewa kwa nguvu. Nikachanganya sukari na ndimu, na kwa woga nikajijaribia mwenyewe kwanza. Nilisugua hadi nikaona ninatakata. Kesho yake mashavu yaliwaka moto, na moja lilikuwa limechubuka.

Jumapili, baada ya misa, alikuja mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye maisha yake yote amepamba maharusi. Alinishika kidevu.

"Nani alikukwangua hivi?"

"Ni miye mwenyewe, mama mudogo. Nilitaka kujua namna ya kumusugua mama."

Alicheka kidogo, bila kunidhihaki. "Ngozi haiko sufuria, mutoto wangu. Ile yenye kufa iko inatoka yenyewe. Weye unaisaidia tu. Na ndimu, uache. Inaunguza."

Tulimketisha mama uani, kwenye kivuli chepesi cha ukuta. Mama mdogo alimfunika uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akangoja ngozi ilainike. Alikuwa amekuja na unga wa mchele laini kama poda. Akaukoroga na asali. Kisha akachukua vidole vyangu, akaviweka juu ya paji la mama.

"Zungusha. Polepole. Usikandamize. Karibu na macho, usiguse. Na kama kuko kidonda, unaruka."

Nikazungusha. Paji, shavu, kidevu, halafu lile shavu lililolegea. Sikuwahi kuugusa uso wa mama kwa muda mrefu namna ile. Mifupa yake ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani. Jua la baridi lilitulia juu yetu, na kelele za malori ya mgodi zikawa mbali, kama zinapita katika mji mwingine. Mama alifumba macho.

"Ziwa," akasema.

Mama akaendelea, neno baada ya neno: ukungu, maji baridi miguuni, mama yao akimnawisha uso ufukweni Pweto. Lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyosema tangu augue.

"Inatosha," mama mdogo aliniambia baada ya muda mfupi. "Usiongeze. Mara moja kwa juma, basi." Tukamsuuza, tukamkausha kwa kugusagusa, tukampaka mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa.

Ikawa kazi yetu ya Jumamosi. Magamba yalipungua, na maneno yakaongezeka, ingawa daktari alisema yangerudi tu kwa wakati wake, hata bila kumsugua uso. Mimi sikubishana naye.

Jumamosi moja, mawingu ya mvua ya kwanza yakikusanyika, mama alinizuia mkono. Akachovya vidole vya kushoto kwenye bakuli.

"Weye sasa," akasema.

Nikaketi chini mkekani, kichwa magotini pake. Vidole vyake vilipotea njia, vikarudi. Nilinusa asali, nikanusa mvua, na kabla hajafika kwenye kidevu nilikuwa nimelala.