Msumeno Uliokosa Oili

Jumatatu nilikimbilia kwa fundi pikipiki hapa Kilolo, mtoto mgongoni, msumeno wa injini wa mume wangu mkononi. Huo ndio unaotulisha, na mimi, katika kumsaidia, nimeujaza petroli tupu ya pikipiki!

“Umeuwasha, dada?”

“Thubutu!”

“Basi umepona. Pikipiki ina oili yake pembeni, huu unainywa humo humo kwenye petroli. Ungeuwasha, pistoni ingekwama.”

Akaimwaga, akaweka yenye oili, akacheka peke yake.

“Mumeo naye juzi kaijaza pikipiki mafuta ya msumeno, ikafuka moshi kama tanuri la matofali. Aliniapisha nisikwambie.”

Nikamsihi na langu alifiche. Akaweka mkono kifuani, akaapa hatamwambia mtu mwingine.