Meli Isiyo na Nyuma

Jumapili ile nilikuwa nimekaa katikati ya meli na sindano ya magunia, nikiziba tundu kwenye tanga, huku mume wangu Kariuki akinicheka kwamba nashona kama mtu anayefukuzwa. Tulikuwa kwenye Ziwa Naivasha. Bwana wa shamba, Mnorwei mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amemtaka Kariuki, fundi wake wa mbao, amuundie meli ya Mavikingi, mababu zake wa zamani: ndefu, nyembamba, ncha zote mbili zimepinda juu sawasawa.

"Babu yangu napanda hii," alituambia kwa Kiswahili chake. "Nakwenda mbali, naiba, nachoma, narudi nyumbani."

Alisema kwa fahari kabisa. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni, na sisi Wakikuyu tulipigwa vitako vya bunduki kwa kushukiwa tu kuwapa unga wapiganaji wa msituni. Na huyu anajivunia majambazi wa kwao! Nilicheka hadi nikaziba mdomo kwa leso.

Wapiga makasia wengi walikuwa Wajaluo. Mkubwa wao, Onyango, alikaa benchi moja na Kariuki. Walitaniana kutwa nzima, na walipendana kama ndugu.

Tukirudi, tuliingia kwenye mfereji mwembamba kati ya mafunjo. Mbele, gatini, tukaona malori ya askari. Wakikuyu wa shamba walikuwa wamechuchumaa, mikono kichwani, baba mkwe wangu akiwa kati yao. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho alikuwa akinyoosha kidole, na aliyenyooshewa alipakiwa lorini. Wiki hiyo Kariuki alikuwa amegombana na nyapara, rafiki wa askari. Sote tulijua angenyooshewa.

Askari alipaza sauti, tusogee.

Mfereji ulikuwa mwembamba mno kugeuza meli.

"Geukeni nyinyi," Onyango akasema polepole. "Meli iko sawa tu."

Wakageuka kwenye mabenchi. Nyuma ikawa mbele.

Risasi ikatoboa tanga. Nililala juu ya miguu ya Kariuki.

Askari wakatufuata kwa boti ya injini ya Bwana. Onyango akatupitisha juu ya majani ya maji, kwa kuwa tako la meli ile halikuzama sana majini. Injini yao ikanaswa na majani, ikanyamaza.

Ng'ambo, Kariuki alishuka ashike njia ya Umasaini.

"Enda, fundi," Onyango akamwambia. "Tutasema umekufa maji."

Tulirudi, tukasema hivyo. Hakuna aliyetuamini. Meli ilichomwa moto. Onyango alipelekwa kizuizini akafia huko, na uchungu huo ninao hadi leo. Baba mkwe naye alifungwa, lakini aliachiliwa akiwa hai.

Hali ya Hatari ilipokuwa ikiisha, Kariuki alirudi, amekonda, akiongea Kimasai kizuri. Tukajaliwa mtoto wa kiume. Kwetu wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, na mzee alikuwa amelingojea jambo hilo miaka yote ya kifungo. Akampakata mtoto.

"Huyu ni Onyango," akasema. "Mimi nitangoja wa pili."