Tofali Lililotoa Dhahabu

Kuna wakati kipande cha tofali kilikutwa na dhahabu nyingi kuliko mlima mzima. Msibishe kwanza, aliyekitwanga ni mimi.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, msaidizi wa mjiolojia tuliyemwita Mama Nyundo, maana nyundo haikumtoka mkononi. Tulikuwa tunapima mgodi uliotelekezwa mlimani.

Kazi niliipata kwa jina la marehemu babu. Alichimba humo miaka ishirini, wakampa cheti cha uaminifu, na bibi akakitundika juu ya mlango wa sebuleni.

Mama Nyundo alinieleza kwamba zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mlima, yakaacha madini: dhahabu juu, risasi na fedha chini. Ya juu wazee walishaimaliza. Sisi tulifuata ya chini.

Basi, mashine ya kusagia sampuli ikafa. Fundi akasema wiki ijayo, na maabara walitaka unga kesho yake. Mama Nyundo alishaniambia: kosa moja, kwaheri.

Nikabeba mawe nyumbani.

Bibi ana kinu cha chuma kinachozuia ule mlango wa sebuleni usijifunge. Tangu niko mdogo anasema hicho hakiguswi. Lakini siku hiyo alikuwa kwa shangazi, na sikio la kufa halisikii dawa. Nikatwanga sampuli zote sita, nikakirudisha mlangoni, nikajikausha.

Majibu yakaja. Risasi na fedha za kutosha. Dhahabu: kila sampuli, tena ya kumwaga.

Nilicheza pale ofisini jamani, moyoni nimeshaajiriwa. Mama Nyundo hakucheza. Akaniuliza taratibu:

"Namba sita umeisagia wapi?"

Nikamwambia kwenye mashine.

"Namba sita ni tofali. Nililiokota nyuma ya choo cha ofisi nikalichanganya na mawe, nijue kama kuna uchafu unaingia njiani. Nafanya hivyo kila mara. Sasa niambie, choo chetu kina dhahabu?"

Nikaona kazi hiyo inaondoka, nikasema ukweli wote. Alichukua nyundo yake akasema twende kwa bibi.

Tulimkuta amerudi. Mama Nyundo akakiinamisha kinu kwenye mwanga, akatuonyesha nyufa za ndani. Zilikuwa zinameta.

Nilijua leo nachapwa na ukubwa wangu. Bibi akachungulia, akasikitika kidogo.

"Kumbe imebaki? Na nilivyokisugua."

Ndipo akatumwagia yote. Babu hakuwahi kutoka mgodini bila kijiwe ndani ya soksi, na alikuwa akivitwanga humo humo, bibi akiimba jikoni ili majirani wasisikie.

"Hayo mabati unayolala chini yake," akaniambia, "ulidhani yametoka kwenye mshahara?"

Mama Nyundo akainua macho. Juu ya mlango, cheti cha uaminifu kilikuwa kinatutazama. Alicheka mpaka akakikalia kinu.

Kazi ninayo hadi leo. Ila kila jioni wenzangu wakishaaga, mimi peke yangu navua buti na soksi mbele ya Mama Nyundo.

Ndugu zangu, siri ya mtungi muulize kata. Ya kinu muulize bibi, tena kabla hujatwanga.