Kisu cha springi kimelala kama kijiko

Jowa, watu wangu, nisaidieni, kisu kimepinda na samaki bado hawajapasuliwa mezani!

Niko Kisian kwa kibanda changu. Nilipewa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, za matanga ya jirani nipasue na kukaanga, wageni wapate kula saa saba.

Nikaanza ya kwanza. Kufika kwa mgongo, kisu kikalala. Hakikuvunjika, kililala!

Na ni kile kilichofuliwa kwa springi ya gari, fundi wa Kibuye alichoniapia kitanizika.

Nikampigia simu karibu kulia.

"Fundi, uliniuzia bati!"

"Mama Achieng, pole. Ulikiweka kwa moto?"

Nikamweleza ukweli.

Jana jerikeni ilitoboka. Nikachoma kisu kwa jiko mpaka kikawa chekundu, nikayeyusha plastiki nacho kuziba tundu. Si sisi wote tunaziba hivyo?

"Basi ulikiua, mama. Springi ukiichoma hivyo inakuwa laini. Lazima nikichome upya, nikizamishe kwa mafuta. Na leo niko mbali, Port Victoria."

Mama Otis wa kibanda cha pili amenipa chake cha dukani, kile cha kung'aa. "Hakishiki kutu," anajisifu. Mama, hata magamba yanakicheka!

Mlio karibu, nani ana kisu cha springi, ama cha chuma cha msumeno? Kimbieni nacho, tafadhali.

Sasa hivi mama wa marehemu amekuja mwenyewe kuuliza kama samaki wako tayari.

Nimemwambia, "Karibu kuisha, mama."

Amenishika mkono, akasema asante.

Jowa, hata moja sijamaliza.