Filamu ya Mwosha Masufuria

Kwa miaka mingi nimelalamikia filamu za wanawake wanaopendana, nikiwa kwenye kochi letu mjini Blaine, Marekani, mwenzangu ameniegemea begani ananiambia ninyamaze tuangalie. Yeye ni muuguzi, Mkenya. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye ofisi ya jimbo, Saint Paul. Tumekaa nyumba moja tangu hatujaota mvi. Watu wetu wanatujua kama marafiki wanaosaidiana maisha ya ugenini, nasi hatukuwahi kuwasahihisha.

Filamu za aina hiyo zilizoongozwa na wanaume tuliachana nazo zamani. Mle wanawake wanavuliwa nguo kabla hata hawajasalimiana. Za waongozaji wanawake ni nafuu kubwa. Mwongozaji mwanamke anajua kwamba mtu anaweza kupenda namna mwenzake anavyofunga vifungo vya koti. Lakini nao wana kasoro zao, na sioni haya kuzisema. Wapendanao wanatazamana weee, mvua inanyesha dirishani, halafu mmoja anaolewa au anakufa. Hakuna anayeloweka maharage. Hakuna anayemuuliza mwenzake kama amekwangua barafu kwenye kioo cha gari. Na hakuna anayesema Kiswahili, utadhani sisi tuliumbwa bila moyo.

Kwa hiyo binti mmoja wa Kikenya, aliyekulia Maple Grove, aliponipigia simu kusema anatengeneza filamu fupi ya wanawake wawili wa kwetu, nilimkaribisha chai wiki hiyo hiyo. Alinitafuta kwa sababu mimi ndiye mshereheshaji wa kichenpati hapa, ile sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi mtarajiwa. Filamu yake ilikuwa na kichenpati, na bibi harusi alikuwa anampenda mwanamke mwingine aliyekuwamo ukumbini.

"Auntie, huyo mwingine nimem-place kwa corner," akanieleza. "Analia tu, na camera inam-zoom."

"Hapo umekosea, mwanangu. Anayelia pembeni ataulizwa ana nini. Huyo ndiye atakuwa mwenyekiti wa kamati. Atachagua sare, atapika pilau, atapakua, ataosha masufuria. Nani amewahi kumuuliza mwosha masufuria anampenda nani?"

Akanikazia macho. "Na wewe umejuaje hiyo yote, Auntie?"

"Nimesherehesha nyingi," nikamjibu, nikamwongezea chai.

Mwenzangu alikuwa ngazini, amesikia kila kitu. Binti alipoondoka akashuka. Nilidhani atanisifu.

"Umempatia maisha yangu," akasema. "Si ni mimi huosha sufuria kwa kila party unayo-MC? Sawa. Basi siku ya kuonyeshwa hiyo filamu nitaketi kando yako, na ukiulizwa mimi ni nani, utasema."

Nikamwambia hapana. Nikamkumbusha kwamba wanawake hawa ndio ndugu tulio nao huku. Mmoja wetu akifa, wao ndio wanaosimamia msiba na kusafirisha mwili nyumbani. Nikiwapoteza, nitazikwa na nani?

"Wewe watakuzika," akasema. "Mimi hiyo siku watanipatia sufuria nioshe. Nitakuwa rafiki ya marehemu."

Nilishikwa na hofu na aibu kwa pamoja, nikabaki nafuta meza iliyokuwa safi.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mdogo Minneapolis. Wanawake wetu walikuja wamevaa sare zile zile, maana wengi walikuwa wameigiza kama wageni waalikwa, na walipojiona kwenye skrini walipiga vigelegele. Kisha bibi harusi wa filamu akaingia jikoni. Sinki limejaa vyombo. Akachukua kitambaa, akamkausha mwosha masufuria mikono, kidole kimoja kimoja, huku nje wenzao wanaimba. Hakukuwa na mvua wala mtu kufa. Binti yule alikuwa amesikia vizuri kuliko nilivyotaka asikie, na nililia kwa furaha ya kuliona jambo letu limewekwa pale bila kupambwa. Mwenzangu alikuwa kando yangu. Hakuniomba ruhusa, alikaa tu.

Taa zilipowaka, mama mmoja mtu mzima, anayetuongoza kwenye sala za nyumba kwa nyumba, akatugeukia kutoka kiti cha mbele.

"Na huyu uliyekaa naye ndiye yule rafiki yako muuguzi?"

"Ni mwenzangu, mama," nikasema. "Mwenzangu wa maisha. Kama wale wa kwenye filamu."

Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Penye wengi pana mengi. Nilisikia wakisema nimeharibika, nikasikia pia kwamba ni Marekani imenifundisha. Simu za kichenpati zikapungua, kisha zikakoma. Ilinikasirisha kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kazi ile niliipenda.

Majira ya baridi yalipoingia, mama yangu akafariki huko Moshi, na mimi sikuweza kusafiri. Mwenzangu akaondoa makochi sebuleni, akatandika mkeka. Nilimwambia asijisumbue, hatakuja mtu. Wengi kweli hawakuja. Lakini jioni walifika wanawake wanne na vyakula vyao, na wa mbele alikuwa yule mama wa sala.

Walinipa pole, wakaketi. Mwenzangu akainuka kwenda kubandika chai, kama anavyofanya siku zote. Yule mama akamshika mkono.

"Unakwenda wapi wewe? Umefiwa na mama mkwe. Mfiwa hapiki."

Akamkalisha mkekani kando yangu, akaingia jikoni mwenyewe.